Ploti ni Ngapi?

Wasee wa Kitengela, kuna neno moja la Kiingereza tumelimeza bila kutafuna: ploti.

Kwa Kiingereza chenyewe, "plot" ni kipande cha ardhi. Pia ni mtiririko wa hadithi. Pia ni njama. Sisi tukaongeza zetu: ploti ya wikendi, na ploti ya kukodisha vyumba. Poa, lugha hukua hivyo. Lakini ploti si kipimo, na hapo ndipo tunaliwa.

Cheki hesabu. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Ile madalali wanaita "eighth", yaani thumni ya eka, inafaa kuwa 5,445. Lakini unachoonyeshwa huko shambani ni 50 kwa 100, yaani 5,000. Futi 445 zimeenda wapi? Hiyo ni nafasi ya bedsita mbili!

Utaambiwa zimeliwa na barabara. Sawa, basi iite 50 kwa 100, usiniuzie kwa jina la thumni.

Hati za Kajiado hazina story nyingi, zinaandika hekta. Thumni kamili ni kama 0.0506. 50 kwa 100 ni kama 0.0465. Mathe amechanga kwa chama miaka mingi, asinunue neno.

So kabla mtume hata deposit, ulizeni swali moja: hekta ngapi? Dalali akijibu kwa hadithi badala ya namba, jueni mmepata ploti. Ile ya njama.