Jazz ilibadilisha muji, sendika njo ilibadilisha mushahara



Vijana wetu wa mugodi wanapenda sana picha za Marekani ya miaka ya 1920: wanaume wa suti, wanawake wa nywele fupi, tarumbeta, magari mapya. Wafaransa wanaita ile miaka « années folles », Wamarekani wanasema wakati wa jazz. Vijana wanatuambia: « Munaona, papa? Watu weusi walianza kuheshimiwa ju ya muziki. » Sisi wa sendika tunajibu: hiyo ni nusu ya habari.

Ile nusu ya kweli tunaikubali. Wakati wa vita ya 1914, wahamiaji wa Ulaya walikatika na viwanda vya Marekani vikakosa mikono. Watu weusi wa Kusini wakaacha mashamba ya pamba na mateso ya kule, wakapanda treni kwenda Chicago, Detroit, New York. Kufika 1930 walikuwa wamehama zaidi ya milioni moja. Walifuata mushahara, na muziki ukawafuata. Louis Armstrong alitoka New Orleans, akafika Chicago 1922 kupiga na King Oliver. Fasi watu wanalipwa siku ya posho, dansi inafunguliwa: sisi wa Katanga hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha hiyo.

Mambo mengi yaligeuka kweli. Mwaka 1920 Mamie Smith alitoa disiki ya blues, ikauzwa mingi, kampuni zikaona kumbe hata mutu mweusi ni mununuzi. Mwaka uleule katiba ikawapa wanawake kura, hata kama kule Kusini wanawake weusi waliendelea kuzuiwa. Pombe ilikatazwa kuanzia 1920 mupaka 1933. Watu wakakunywa kwa kujificha, na wapiga jazz wakapata kazi mule.

Sasa ile nusu ingine. Duke Ellington alianza kupiga Cotton Club ya Harlem mwisho wa 1927. Wapigaji na wachezaji walikuwa weusi, lakini wateja wenye kuketi kwenye meza walikuwa wazungu. Waimbaji wengi wa blues walilipwa mara moja kwa kila disiki, kisha kampuni ikauza miaka na miaka bila kuwarudishia kitu. Na wachimba makaa ya West Virginia, karibu 10,000, weusi na wazungu pamoja, walipotembea na silaha 1921 ju ya haki ya sendika, serikali iliwaletea jeshi. Walishindwa. Muziki ulikuwa unachezwa kila pahali, lakini haukuwasaidia kitu.

Tuangalie wale watumishi weusi wa magari ya kulala ya Pullman. Wasafiri wengi waliwaita wote « George », jina la patron wao wa zamani, sawa mutumwa anavyobeba jina la bwana wake. Wazee wetu walioitwa « boy » wanajua ladha ya ile neno. Mikono yao njo ilipeleka disiki na magazeti ya Chicago mupaka Kusini. Walitumika karibu saa 400 kwa mwezi. Agosti 1925, kule Harlem, wakafanya sendika pamoja na A. Philip Randolph. Kampuni ikawawekea wapelelezi, ikafukuza wengi. Mukataba ulisainiwa 1937: saa 240 kwa mwezi, na mushahara ukapanda. Miaka 12! Wakati wa jazz ulikuwa umekwisha zamani, na ile krizi ya 1929.

Na wapigaji wenyewe? Chicago ilikuwa na sendika mbili za wanamuziki: Local 10 ya wazungu na Local 208 ya weusi. Ziliungana 1966. Muji mumoja, muziki mumoja, sendika mbili. Nani alifaidika? Patron.

Wakati ule Katanga haikuwa mbali. Nyaya za umeme, radio na magari vilitaka shaba, na Union Minière ilipita tani 100,000 kwa mwaka mbele ya 1930. Tangu 1928 ilianza kupanga wafanyakazi wakae kambini na bibi na watoto. Kisha krizi ikafika, maelfu wakarudishwa kwao. Mweusi hakuwa na ruhusa ya sendika. Ruhusa ilikuja 1946, nyuma ya damu ya wagomaji wa Lubumbashi ya Desemba 1941.

Leo shaba na kobalti zinapanda tena. Baa zinajaa, simu mpya, nguo za bei. Hatukatazi mutu furaha. Aliyetoka shimoni ana haki ya kucheza. Lakini katika shimo moja, huyu ana beji ya kampuni, mwenzake ana beji ya sous-traitant. Vumbi ni moja, hatari ni moja, mushahara si mumoja, hospitali si moja. Na tunasikia delege wengine wakisema: « Wale si watu wetu. » Hiyo njo Local 10 na Local 208, lakini pasipo rangi ya ngozi.

Watatuambia kama mutu wa sous-traitant anaogopa kusema, anaweza kupoteza kazi kesho. Ni kweli. Kwa hiyo inafaa aseme kwanza yule mwenye mukataba wa nguvu.

Basi ndugu, kwenye mukutano unaokuja, muulize delege wako swali moja: mushahara wa watu wa sous-traitant umo katika karatasi ya madai yetu, ao haumo? Akijibu haumo, usimupe kura.