KUJIUA KWA KAZI SI USHUJAA

Ndugu wafanya kazi,

Siku hizi kuna mabwana wapya wanaosifiwa sana. Nao ni waanzilishi wa kampuni changa za kompyuta. Sifa yao si mali tu, bali ni kwamba hawalali. Mmoja hujisifu kuwa alilala sakafuni mwa kiwanda. Mwingine kuwa haijui Jumapili. Twauliza: tangu lini kukosa usingizi kukawa cheo?

Mwaka 2018 Bwana Elon Musk wa Marekani aliandika kwamba hakuna mtu aliyepata kuugeuza ulimwengu kwa kazi ya saa 40 kwa juma. Mwaka 2019 Bwana Jack Ma wa China aliisifu desturi iitwayo 996 kuwa ni baraka. Maana yake ni kuingia kazini saa tatu asubuhi na kutoka saa tatu usiku, siku sita kwa juma. Hizo ni saa 72! Mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya China ikasema kwamba desturi hiyo ni kinyume cha sheria. Ni baraka gani hiyo?

Twajua watatujibu: "Duka ni lake, akikesha ni shauri yake." Vema. Lakini mwanzilishi ana hisa. Kampuni ikiuzwa kwa bei kubwa, tajiri ni yeye. Karani anayekesha naye bila hisa hupata nini? Mshahara ule ule na macho mekundu. Asipokesha, huambiwa hana moyo wa kazi. Huambiwa, "Sisi hapa ni jamaa moja." Jamaa gani hii, ambayo fedha zikipungua watoto hufukuzwa kwa barua?

Wala mwanzilishi mwenyewe haponi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza hesabu yao: katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Moyo hauulizi nani ana hisa na nani ni karani. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Ndugu, saa nane hatukupewa bure. Mwaka 1886 wafanya kazi wa Chicago waligoma kwa ajili yake, na damu ikamwagika. Mwaka 1919 mapatano ya kwanza ya Shirika la Kazi yaliandika saa 8 kwa siku na 48 kwa juma. Hapa Kenya amri ya jumla ya mishahara yataja saa 52 kwa siku sita, na ovataimu ilipwe mara moja na nusu. Sheria ya Kazi ya 2007 yatoa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Hatukuona palipoandikwa "isipokuwa wenye kompyuta."

Basi twawaambia vijana wa ofisi hizo: andikeni saa zenu katika daftari kila siku. Daini ovataimu yenu. Njoni chamani, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yawapa haki hiyo. Na sisi wazee tuache kumsifu mtoto anayekonda kwa kumtajirisha mwingine.

Kazi ni ya kuishi, si ya kufa. Umoja ni nguvu!