Shule Inapofungwa kwa Mtoto Mmoja

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule ili kuzuia kuenea kwa UVIKO-19. Wanafunzi wa kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Nchini Uganda hali ilikuwa nzito zaidi: shule zilizofungwa Machi 2020 hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika kipindi hicho masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na kwenye simu, na jina la elimu masafa likazoeleka hata kwa wazazi ambao hawakuwahi kulisikia.

Janga lilipopungua, juhudi nyingi za aina hiyo zilififia. Hilo ni kosa, kwa kuwa sababu za kufunga shule hazikwisha pamoja na UVIKO-19. Mwishoni mwa mwaka 2022 Uganda ilifunga muhula mapema kwa sababu ya Ebola. Mapema mwaka 2024 Zambia iliahirisha kufungua shule kwa sababu ya kipindupindu, na miezi michache baadaye Kenya ikafanya hivyo kwa sababu ya mafuriko. Tena wako watoto ambao shule hufungwa kwao peke yao, bila tangazo lolote la serikali: watoto wagonjwa.

Mtoto mwenye selimundu hulazwa mara kwa mara kwa maumivu makali, maambukizi au upungufu wa damu. Tanzania pekee inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Matibabu ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu ya muda huo mtoto hatakiwi kukaa katika msongamano kwa kuwa kinga yake imeshuka. Mtoto wa namna hii akipona bila kusoma, hurudi darasani akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka au zaidi, na wengine hawarudi kabisa. Tiba imemwokoa, lakini maisha aliyookolewa ili ayaishi yamepungua thamani.

Kwa watoto hao, maudhui ya kidijitali yangeweza kuwa msaada wa kudumu. Ila yapo mafunzo ya mwaka 2020 yasiyopaswa kusahauliwa. Mwezi Agosti mwaka huo UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali, iwe kwa redio, runinga au intaneti. Katika kaya nyingi simu janja ni moja, ni ya baba, naye huondoka nayo asubuhi. Bando likiisha, somo limeisha. Dawa bora iliyobaki bohari haimponyi mgonjwa, na somo zuri lililoko mtandaoni halimfundishi mtoto asiye na njia ya kulifikia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandaa masomo yasiyohitaji intaneti kila wakati: vipindi vya redio, sauti na video fupi zinazohifadhiwa kwenye kadi ya simu, vitabu vinavyopakuliwa mara moja na kusomwa siku nyingi. Jambo la pili ni kuyaandaa mapema. Katuni za Ubongo Kids, zinazofundisha hisabati kwa Kiswahili, zilianza kurushwa mwaka 2014. Janga lilipofika zilikuwa tayari. Somo linalotungwa kwa haraka baada ya shule kufungwa huwafikia wanafunzi limechelewa.

Jambo la tatu ni mtu. Video haisahihishi daftari wala haitambui kwamba mtoto ameacha kufuatilia. Inatosha mwalimu wa darasa kupiga simu mara moja kwa wiki, akampa mtoto kazi, na wiki inayofuata akauliza majibu. Mzazi anayejua mtoto atalazwa aombe mpango huo kabla ya siku ya kulazwa.

Watasema wengine kwamba wodi zina wauguzi wachache, na kwamba mgonjwa anahitaji kupumzika. Hoja zote mbili ni za kweli. Hakuna anayemtaka muuguzi awe mwalimu, wala mtoto mwenye maumivu asihimizwe kusoma. Lakini siku za kulazwa si zote za maumivu. Nyingi ni za kusubiri dripu, majibu ya maabara au ruhusa ya kwenda nyumbani. Katika siku hizo kishikwambi kimoja cha wodi, kinachosafishwa kila kinapobadilisha mikono, chaweza kuhudumia watoto kadhaa kwa zamu. Muda nao uwe na mipaka: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Wakubwa nao wapumzishe macho, na skrini izimwe kabla ya kulala.

Mhudumu wa afya anayo sababu ya kitabibu ya kuulizia masomo. Selimundu huweza kusababisha kiharusi kisichoonekana kwa macho: mtoto hapoozi mkono wala mguu, bali usikivu na kumbukumbu hupungua. Kushuka kwa alama darasani kwaweza kuwa dalili ya kwanza, ambayo mzazi ataiita uvivu. Swali fupi kliniki, "Mtoto anaendeleaje shuleni?", laweza kumfikisha kwenye uchunguzi kwa wakati.

Shule zinapofungwa kwa amri ya afya ya jamii, sekta ya afya hushiriki katika uamuzi huo. Ni haki basi ishiriki pia kuhakikisha kwamba masomo hayakomi, iwe kwa taifa zima au kwa mtoto mmoja aliye kitandani.