HABARI ZA DARASA: Mizani ya vifuniko viwili

Sisi wa darasa la kwanza na la pili, hapa Aveba, tunaandikia kila nyumba ambamo gazeti hili linaingia: Bunia, Mongbwalu, Kilo, Watsa, Durba, na kambi zote za wachimbaji wa zahabu. Mwezi huu nataka kuwaeleza mambo matatu. La kwanza ni yale watoto wanayojifunza sasa. La pili ni viti vinavyobaki tupu wakati wa kiangazi. La tatu ni kazi ndogo ambayo kila mzazi anaweza kufanya nyumbani na mtoto wake, hata kama yeye mwenyewe hakuketi shuleni.

KUSOMA: KATA NA TAKA

Watoto wa darasa la kwanza wamekwisha kujua silabi nyepesi: ma, ka, ta, la, ki. Tumekata makaratasi magumu ya katoni, na kila kipande kina silabi moja. Mtoto anaweka KA mbele ya TA, anasoma "kata". Anageuza, anasoma "taka". Anaweka KI mbele ya LA, anapata "kila". Anageuza, anapata "laki". Hapo darasa zima linacheka, kwa sababu wanaona kwamba vipande vilevile viwili vinatoa maneno mawili mbalimbali. Mtoto aliyecheka namna hiyo amekwisha kuelewa kusoma ni kitu gani.

Darasa la pili wanapanda mlima ulio mkali zaidi. Wao wanasoma "nyama", "mbwa", "shamba", "ng'ombe". Hapa herufi mbili ao tatu zinashikana na kutoa sauti moja. Mtoto anapaswa kuona NY na kuitamka palepale, bila kusimama. Jambo hilo haliingii kwa siku moja. Linaingia kwa kurudia leo, kesho na kesho kutwa, mpaka jicho lizoee.

HESABU: VIJITI NA MIZANI

Kwa hesabu tunatumia vijiti. Vijiti kumi vinafungwa kwa kamba, na fungu hilo linaitwa kumi moja. Mafungu matatu na vijiti vinne ni 34. Ukitaka kutoa 6, vijiti vinne havitoshi. Lazima kufungua fungu moja. Mtoto akifungua fungu kwa mikono yake mwenyewe, hatasahau kwa nini tunaazima kumi.

Lakini kitu kilichofurahisha watoto kuliko vyote mwezi huu ni mizani. Tuliitengeneza hivi: fimbo moja iliyonyooka, urefu wa mkono wa mtu mzima, kamba katikati ya kuishikilia, na kila upande kifuniko cha mkebe kinachoning'inia kwa nyuzi tatu. Gharama yake ni bure kabisa.

Sheria ya kwanza tuliyoandika ubaoni ni hii: kabla ya kupima kitu chochote, tazama mizani ikiwa mitupu. Ikiinama upande mmoja, mizani hiyo inasema uongo, na kila kitu utakachopima kitakuwa uongo vilevile. Watoto wakasogeza kamba kidogo kidogo mpaka fimbo ikalala sawa. Ndipo tukapima. Jiwe moja dogo lilishinda fungu kubwa la pamba. Watoto wengine walikataa kuamini, wakapima tena. Basi wakajifunza kwamba kikubwa si lazima kiwe kizito.

Kisha tukawaonyesha kwamba litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo chupa ya nusu litre ikijaa maji, maji yake ni gramu 500. Mama anayeuza ao kununua kwa kilo anaweza kuweka chupa hiyo juu ya mizani ya duka. Chupa ya plastiki yenyewe inaongeza gramu chache tu. Mizani ikisema tofauti kubwa, aulize.

KWA NINI MIZANI?

Baba mmoja aliniuliza: "Mwalimu, batoto ba miaka saba, mizani ni ya nini?" Ni swali zuri. Tunaishi katika nchi ya zahabu. Zahabu ilionekana katika Ituri mwaka 1903, na tangu wakati huo imepita juu ya mizani nyingi sana. Katika masoko yetu watu wanahesabu kwa tola, kipimo cha zamani kilichotoka Uhindi pamoja na wafanyabiashara. Tola moja ni gramu 11.66. Sasa tuseme mnunuzi anakuambia kwamba tola ni gramu 12. Katika kila tola amechukua gramu 0.34 bila kulipa. Ukimwuzia mara kumi, umempa bure gramu 3.4. Hakukupiga, hakuvunja mlango wako usiku. Amekuibia kwa namba tu, kwa sababu namba hukuijua.

Mchimbaji mwenye nguvu anaweza kushinda mwezi mzima shimoni, halafu hesabu ya dakika moja ikala jasho lake. Kwa hiyo mtoto anayejua kutazama mizani mitupu, kusoma namba na kutoa hesabu, ni mlinzi wa mali ya jamaa yake.

VITI TUPU

Hapa ninafika kwa jambo linalonisumbua. Wakati wa kiangazi mito inapungua, na watu wengi wanakwenda kuosha mchanga. Asubuhi ninaita majina, naita jina moja, kimya. Naita lingine, kimya. Watoto wenzake wanasema: "Alienda ku karyera na yaya yake." Nikikutana na mzazi, jibu ni hili: "Mwalimu, iko tu wiki mbili, atarudia."

Ndugu mzazi, wiki mbili kwako ni kidogo. Kwa mtoto anayejifunza kusoma ni nyingi sana. Nimesema kwamba sauti na herufi zinashikana kwa kurudia kila siku. Mtoto akikatisha katikati, kile kilichoanza kushikana kinaachana. Anaporudi, wenzake wanasoma "ng'ombe" bila kusimama, naye bado anatafuta N. Anaona haya. Anaanza kukaa nyuma. Akiulizwa ananyamaza. Kisha anachelewa asubuhi, halafu haji siku ya hesabu, na mwisho haji kabisa. Hakufukuzwa na mtu. Aliondoka polepole, na mwanzo wake ulikuwa zile wiki mbili.

Tena kuna jambo lingine mbele yake. Katika madarasa ya chini tunafundisha kwa Kiswahili. Kuanzia darasa la tatu, Kifaransa kinachukua nafasi kubwa. Mtoto aliyejua kusoma kwa Kiswahili atabeba mzigo mmoja tu, yaani lugha mpya. Asiyejua kusoma atabeba mizigo miwili kwa pamoja, kusoma na lugha. Wengi wanaangukia hapo.

Sitaji bado hatari za shimo lenyewe. Udongo unabomoka. Maji ya shimo yanameza mtu. Na zile merkire, yaani zebaki, wanazokamatia zahabu na kuzichoma motoni, moshi wake hauna rangi ya kukuonya, lakini unaharibu ubongo na mishipa, na mtoto anaumia kuliko mtu mzima kwa kuwa mwili wake bado unakua. Tafadhali msichome merkire ndani ya nyumba ao jikoni, wala karibu na mtoto mchanga ao mama mwenye mimba.

Sheria ya inchi nayo iko wazi. Kadi ya mchimbaji mdogo inapewa mtu mzima peke yake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi za namna hiyo kwa watoto. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya shule ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza. Najua kwamba bure hiyo hainunui kaye, biki wala nguo za shule. Najua pia kwamba njaa haingoji buletini. Sisemi wazazi hawapendi watoto wao. Nasema tutafute njia nyingine.

Njia zenyewe ni hizi. Masomo ya watoto wadogo yanaisha kabla ya jua kuwa kali sana; alasiri mtoto anaweza kuteka maji, kuchunga mbuzi, kusaidia shambani karibu na nyumba. Kama jamaa yote inahamia kambi ya zahabu, msiondoke kimya. Pitieni kwanza kwa mwalimu ao kwa direkta, mpewe karatasi ya kuhamisha mtoto, ili aingie shule iliyo karibu na kambi. Na kama kinachokosekana ni kaye moja, mseme. Komite ya wazazi iko kwa ajili ya mambo kama hayo. Kaye inapatikana upesi kuliko mwaka uliopotea.

"MIMI SIKUSOMA"

Wazazi wengi wa watoto wangu walikuwa wenyewe watoto wakati wa vita iliyoanza Ituri mwaka 1999. Shule zilifungwa, watu walikimbilia porini, watoto wengine walipewa bunduki. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, mwaka 2012, ilikuwa juu ya watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa katika vita ya Ituri yetu hii. Na kwetu Walendu-Bindi risasi hazikwisha upesi. Mkataba wa serikali na FRPI ulitiwa sahihi Gety tarehe 28 Februari 2020 tu. Kwa hiyo mama akiniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamusaidia namna gani?", ninaelewa neno hilo linatoka wapi.

Jibu langu ni kwamba mama huyo ana vitu vingi ambavyo mwalimu hana. Ana Kingiti safi, ana hadithi, ana hesabu za soko kichwani. Kingiti si lugha ya kudharau. Mwaka 1994 mtaalamu Constance Kutsch Lojenga alichapisha kitabu kizima cha sarufi yake, na kinaonyesha ginsi kupandisha ao kushusha sauti kunavyogeuza maana ya neno. Mtoto aliyezoea kusikiliza kwa uangalifu namna hiyo ana masikio mazuri ya kujifunza lugha yoyote.

KAZI YA NYUMBANI, DAKIKA 15 KILA JIONI

1. Siku ya kwanza: mwambie mtoto hadithi moja kwa Kingiti, ao kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kesho yake ataieleza darasani kwa Kiswahili.

2. Siku ya pili: mpe maharagwe ayapange mafungu ya kumi-kumi kabla hujayaosha. Muulize: mafungu mangapi? Yamebaki mangapi? Yote ni ngapi?

3. Siku ya tatu: afungue kaye yake na kukusomea. Hata kama wewe husomi, keti karibu naye na umtazame kidole. Kidole kikisimama muda mrefu, mwambie arudie neno lile tangu mwanzo.

4. Siku ya ine: atafute maandishi nyumbani, juu ya sabuni, ya mfuko wa chumvi, ya noti ya franka. Asome herufi tatu anazozijua.

5. Siku ya tano: atengeneze mizani ya vifuniko viwili na kuwaonyesha wadogo zake. Msisahau sheria: kwanza itazamwe ikiwa mitupu!

Ndugu wakubwa na dada wa shule ya sekondari, kazi hii ni yenu pia. Mkiketi na mdogo wenu jioni moja, mama anapumzika, naye mdogo anaona kwamba kusoma ni jambo la watu wakubwa anaowapenda.

SWALI LA VIJANA

Mchimbaji ana gramu 35 za zahabu. Mnunuzi wa kwanza anahesabu tola kwa gramu 11.66. Mnunuzi wa pili anahesabu tola kwa gramu 12. Bei ya tola ni ileile kwa wote wawili. Je, kwa kila mnunuzi atalipwa tola ngapi nzima, na kitabaki nini? Fanyeni hesabu kwanza, ndipo msome mstari unaofuata.

Jibu: kwa wa kwanza ni tola 3, na inabaki gramu 0.02, karibu na sifuri. Kwa wa pili ni tola 2, na zinabaki gramu 11, ambazo atakuambia hazifiki tola.

MWEZI UJAO

Tutafungua duka la darasani, tukijifunza kununua na kurudisha chenji. Tunaomba masanduku matupu ya sabuni na ya chai, mikebe mitupu iliyooshwa, na vifuniko vya chupa. Mtoto alete chochote kinachopatikana. Asiye na kitu aje mikono mitupu, duka linahitaji wanunuzi pia.

Na wewe uliye na mtoto huko kando ya mto tangu wiki iliyopita, usiogope kwamba nitamkemea. Karatasi zake za silabi nimeziweka. Nitaketi naye kando wakati wenzake wanaandika, tuanze tena na KA na TA mpaka awafikie. Mlete kesho asubuhi. Kiti chake kipo.