Kati ya Goma na Bukavu, mawe yanasomwa na wanunuzi wa madini tu

Gari linalotoka Goma asubuhi kuelekea Bukavu kwa barabara ya taifa namba 2 linatembea karibu kilomita 200, na abiria wengi wanaihesabu safari hiyo kwa vizuizi: hapa walilipa, pale walishushwa. Wana haki ya kulalamika. Lakini barabara hiyo ina hesabu nyingine, ya mawe na udongo, ambayo imeua watu wengi bila risasi hata moja. Ardhi inabadilika mara tatu njiani. Kila inapobadilika, hatari inabadilika nayo, na mahali pa kujenga nyumba au kusimamisha hema pangepaswa kubadilika vilevile. Hakuna anayemwambia mkimbizi jambo hilo.

Mwanzo ni Goma mpaka Sake, kilomita 25 hivi. Hapa kila kitu ni cheusi: ukuta wa parseli, barabara za kata, hata vumbi. Ni moto wa Nyiragongo na Nyamulagira uliopoa. Tarehe 17/01/2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Tarehe 22/05/2021 ilitoka tena, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene. Karibu na Sake kuna lava ya zamani zaidi, ile ya Nyamulagira ya miaka ya 1938 hadi 1940, ambayo nayo ilifika ziwani.

Juu ya mawe hayo ndipo familia za wahami zilipowekwa kwa miaka mingi: Mugunga, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Mama aliyekimbia kutoka vilima vya Masisi, aliyezoea udongo mlaini wa kupanda maharagi, anafika hapo na jembe lake halina kazi. Shimo la choo halichimbiki. Maji ya mvua hayakai juu, yanapotea katika nyufa za lava, ndiyo maana hakuna mto unaoshuka kutoka volkano kupita mjini, na watu wanachota ziwani. Uchafu nao unapita katika nyufa hizohizo. Kipindupindu kikianza, inasemwa kwamba wakimbizi ni wachafu. Hiyo ni aibu. Watu waliowekwa juu ya jiwe lisilochimbika hawawezi kulaumiwa kwa kukosa choo.

Kisha kuna mazuku. Neno hilo ni la hapa hapa, na wataalamu wa nchi za mbali wamelichukua kama lilivyo, wanaliandika katika vitabu vyao. Ni hewa nzito ya gesi kaboniki inayotoka chini ya ardhi kupitia nyufa na kukusanyika katika mabonde madogo upande wa magharibi wa Goma, hasa kuelekea Lac Vert na Bulengo. Haionekani na haina harufu ya kumwamsha mtu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini kama maji katika beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake, huku mtoto au mbuzi anaanguka. Na anayeshuka haraka kumwokoa mtoto anaanguka pia. Mzee wa huko akiona ndege au mijusi waliokufa katika shimo, au moto unaozimika bila sababu, hahitaji kipimo. Lakini mhami aliyefika jana usiku hajui, na kwake bonde dogo lisilo na upepo ni mahali pazuri pa kuwalaza watoto. Hapa na pale alama ziliwekwa. Hazitoshi.

Sake ikiisha, mabadiliko ya kwanza yanakuja ghafla. Mawe meusi yanabaki nyuma na milima inasimama kama ukuta. Huo ni ukingo wa bonde kubwa la ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inaachana polepole sana: sehemu ya katikati ilishuka ikabeba Ziwa Kivu, kando zikabaki juu. Milima ya Virunga ilizuka baadaye, ikafunga maji yaliyokuwa yakienda kaskazini, na leo ziwa linatokea kusini kwa mto Ruzizi. Mawe ya ukingo ni ya kale mno, na ndani yake, karibu miaka bilioni moja iliyopita, moto wa chini uliacha koltani na kasiterite. Rubaya wanachimba, Numbi wanachimba, Nyabibwe wanachimba.

Na hapa ndipo jambo linapochoma. Tangu wakati wa Wabelgiji, watu wenye nyundo na ramani wamepanda vilima hivi kutafuta jiwe la kuuza. Inajulikana vizuri mshipa wa madini unaingilia wapi na unatokea wapi. Lakini mtu akiuliza ni mteremko gani utakaotelemka mvua ikinyesha siku tatu, ni wachache wanaojibu, na jibu lao linabaki ofisini, kwa Kifaransa. Kivu imesomewa mawe yake kwa ajili ya viwanda vya mbali. Kwa ajili ya watu wanaolala juu yake imesomwa kidogo tu.

Mabadiliko ya pili yanaonekana baada ya Minova na Nyabibwe, katika teritori ya Kalehe. Barabara inashuka kando ya ziwa, na chini ya milima mikali panatokea viwanja vya tambarare, kila kimoja kwenye mdomo wa bonde. Mahali pazuri: soko, mashua, shamba, maji. Bushushu na Nyamukubi ziko mahali kama hapo. Alhamisi tarehe 4/05/2023, siku ya soko Nyamukubi, mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na matope na mawe makubwa kama magari, ikafagia nyumba na watu. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena.

Ilisemwa ni mapenzi ya Mungu. Ilisemwa pia ni miti iliyokatwa kwa makala, na hilo lina ukweli wake. Lakini swali la kwanza ni hili: tambarare hiyo ilitoka wapi, katikati ya milima isiyo na hata futi moja ya usawa? Iliundwa na mto wenyewe. Kila furiko la zamani lilileta mchanga na mawe, likayatandaza kama feni, na juu ya matandazo hayo watu wakajenga. Anayechimba msingi hapo na kukuta mawe ya mviringo yaliyochanganyika na udongo anashika mkononi barua ya furiko lililopita. Mto uliokuja mara kumi utakuja tena.

Mabadiliko ya tatu, kutoka Katana na Kavumu mpaka Bukavu, ni udongo mwekundu. Ni volkano pia, lakini ya kale, iliyooza ikawa udongo mzito unaoshiba maji na kuteleza. Wakaaji wa Funu, Bukavu, hawahitaji kuelezwa. Ardhi inatembea chini ya nyumba zao, kuta zinapasuka, wanaziba nyufa na kuendelea.

Wapo watakaosema haya ni mazungumzo ya watu walioshiba. Mhami hachagui. Anakaa pale alipopewa, au pale alipochoka kutembea. Ni kweli kabisa, na kwa sababu hiyo swali haliendi kwake. Linaenda kwa anayegawa kiwanja: chifu anayeuza parseli, mwenye mamlaka anayeonyesha mahali pa kambi, shirika linaloleta mahema. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi za pembeni mwa Goma zilivunjwa, watu wakatawanyika, na maelfu ya familia yalianza tena kutafuta mahali pa kuweka mti wa kwanza wa nyumba. Kabla ya kuwaonyesha mahali hapo, kuna aliyewaita wazee wa kijiji na kuwauliza mto ulifika wapi mwaka ule mbaya? Kuna aliyewauliza watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano mjini Goma kama bonde hilo lina mazuku? Kazi hiyo inachukua siku moja, na siku moja haichelewishi msaada kuliko vikao vinavyouchelewesha sasa.

Redio nazo zina deni. Zinatangaza bei ya dola na bei ya unga kila asubuhi. Dakika 5 za kueleza mazuku kwa Kiswahili, Kihunde, Kihavu na Kinyarwanda hazingefukuza wasikilizaji.

Mvua zinarudi mwezi wa tisa. Kabla ya hapo mtu anaweza kupanda na wazee mabonde yaliyo juu ya Nyamukubi na Bushushu, kupiga rangi nyekundu kwenye mawe pale maji yalipofika mwaka 2023, na kusema wazi kwamba chini ya rangi hiyo hakuna parseli ya kuuzwa. Lac Vert na Bulengo zinahitaji bati, misumari, na neno moja ambalo kila mtoto wa huko tayari analijua.