Bei Bila Majira ni Nusu ya Hesabu

Bidhaa inapododa sokoni, wengi wetu hukimbilia kuilaumu bei. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni majira: je, bidhaa ilizinduliwa lini, na mnunuzi alikuwa na nini mfukoni siku hiyo? Historia ya mashine za michezo za kushikwa mkononi yatupa ushahidi unaowafaa walimu na wanafunzi wa Meru na Embu, ingawa mashine zenyewe si za kawaida katika nyumba za huku.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza Game Boy nchini Marekani kwa takriban dola 90. Mwaka huo huo Atari ilitoa Lynx kwa takriban dola 180. Lynx ilikuwa na kioo cha rangi, lakini ilimaliza betri 6 kwa saa chache tu. Game Boy isiyo na rangi ilidumu zaidi ya saa 10 kwa betri 4. Mnunuzi alipiga hesabu ya kununua na ya kutumia, akaichagua Game Boy.

Hata hivyo, Nintendo yenyewe ilijikwaa mwaka 2011. Ilizindua 3DS nchini Marekani mwezi Machi kwa dola 250, ilhali michezo ya kuvutia haikuwa tayari. Kufikia Agosti bei ilishushwa hadi dola 170. Michezo mashuhuri ilipowasili kabla ya Krismasi, mauzo yalifufuka, na hatimaye mashine karibu milioni 76 ziliuzwa duniani. Kinyume chake, Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 450, na bado zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa katika siku 4 za kwanza. Mchezo wake mkuu ulitoka siku moja na mashine. Kumbe ughali ni neno la ulinganisho: hupimwa kwa kile anachopata mnunuzi siku ile.

Huku kwetu mashine ya kiganjani ni simu. Bei yake haipangwi na mfanyabiashara pekee. Bajeti ya 2009 iliondoa ushuru wa VAT kwa simu. Sheria ya 2013 ikaurejesha. Mwaka 2022 simu zitokazo nje zikaongezewa ushuru wa asilimia 10. Lakini kalenda ya mkulima nayo ina sauti. Mkulima wa majani chai wa Imenti au Runyenjes husubiri bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa Oktoba. Mwenzake wa muguka huko Mbeere huchuma na kuuza mara kwa mara. Ifikapo Januari, karo huwakausha wote wawili. Bei moja, majira tofauti.

Hili Safaricom na Google walilielewa. Julai 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, walizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, wa kulipia simu kuanzia shilingi 20 kwa siku baada ya malipo ya kwanza. Kama mwanaisimu, nalistaajabia jina hilo. Kiswahili sanifu kingedai "kidogo kidogo", lakini takriri hiyo ya mitaani yafanya kazi yake: hulikatakata deni mpaka likasikika kama chenji ya sokoni. Mwalimu wa hisabati na awaulize wanafunzi wake: shilingi 20 mara siku 365 ni ngapi? Ni 7,300. Lugha nayo hupanga bei.

Sasa tuitazame serikali. Kompyuta za shule za msingi zilizoahidiwa mwaka 2013 zilikusudiwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2014. Mvutano wa zabuni ukafika mahakamani, na vifaa vikaanza kusambazwa 2016. Mtoto aliyeahidiwa alikuwa amefika darasa la tatu. Kisha 2020 ikaja, mtoto akihitaji kusomea nyumbani, na vifaa hivyo vilikuwa mali ya shule iliyofungwa. Hapa hakuna aliyeweza kusema kuwa bei ilimshinda mzazi, kwani vilitolewa bure. Kilichokosekana ni wakati, na hasara yake haikuwa ya mwenye duka bali ya mwanafunzi.

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Wanaopanga masomo ya kidijitali, pamoja na wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili, hawana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja. Kitagharimu kiasi gani, tangu kununuliwa hadi kutumiwa? Na kitafika lini, Oktoba au Januari? Atakayejibu swali la kwanza na kulipuuza la pili atajikuta na ghala lililojaa na madarasa matupu.