Chamberlain, Jordan, Kobe: nilikaa chini nikapiga hesabu

Ijumaa iliyopita tulikaa kwenye vimbweta nyuma ya hosteli tangu saa mbili usiku, na hadi saa tano mabishano yalikuwa hayajaisha. Swali mnalijua: nani mfungaji bora kuliko wote katika mpira wa kikapu? Upande mmoja watu wa Jordan, upande wa pili watu wa LeBron, wengi wao mwaka wa kwanza. Watu wa Jordan waliwaambia, "Nyie madogo hamkumwona Jordan akicheza," kana kwamba wao walimwona. Mimi nilikuwa peke yangu na Kobe wangu. Kisha jamaa mmoja wa uhandisi, aliyekuwa kimya muda wote anatafuna mihogo, akasema, "Wilt Chamberlain. Pointi 50 kila mechi, msimu mzima. Tukalale."

Tulimcheka. Mmoja akasema zama zile Chamberlain alikuwa anakabwa na mafundi bomba. Mwingine akasema hata video hazipo, nani anajua kama ni kweli. Yule jamaa akanyanyuka, akakung'uta suruali, akauliza, "Na hapa chuoni kwetu mfungaji bora ni nani?" Hakuna aliyemjibu. Tukatawanyika.

Jumamosi niliamka na hasira ya kumthibitishia kwamba ni Kobe. Nikachukua kalamu, karatasi na kikokotoo. Hesabu ikanigeuka.

Tuanze na Chamberlain mwenyewe. Msimu wa 1961-62 alifunga wastani wa pointi 50.4 katika mechi 80. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake, na timu yake, Philadelphia Warriors, ikashinda 169 kwa 147. Alitia mitupo huru 28 kati ya 32. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote ya mpira mitupo huru alikuwa anatia nusu tu, nusu anakosa. Siku ile kila kitu kilimkubali.

Sasa iangalieni vizuri hiyo 169 kwa 147. Msimu ule timu moja ilikuwa inafunga wastani wa pointi 118.8 kwa mechi. Walikimbia mno, walirusha mapema, walikosa sana, na kila mpira uliokosa ulizaa nafasi nyingine. Ukija 2005-06, msimu ambao Kobe alifunga wastani wa 35.4 na ndani yake ule usiku wa 81 dhidi ya Toronto Raptors, timu moja ilikuwa inafunga 97.0 tu. Mpira ulichezwa taratibu, pointi zikawa za kutafuta kwa tochi. (Kuna wakati zilikuwa adimu zaidi. Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima, maana aliyetaka aliweza kuushikilia mpira hata watazamaji wakisinzia. Ndipo mwaka 1954 ikaja sheria ya kurusha ndani ya sekunde 24.)

Hili sisi wanafunzi tulipaswa kulielewa kuliko mtu yeyote. Ukipata 75 kwenye somo ambalo wastani wa darasa ni 72, na mwenzako akapata 65 kwenye somo ambalo nusu ya darasa wamekula supu, nani kafanya kazi? Kila mtu hapa chuoni anajua jibu. Lakini tukifika kwenye kikapu tunasahau, tunapigana namba usoni: 50, 37, 35.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Nilichukua msimu mkubwa wa kila mfungaji, nikagawanya wastani wake kwa wastani wa timu nzima ya msimu huo huo. Chamberlain akapata asilimia 42. Kobe 36.5. Jordan wa 1986-87, aliyefunga 37.1 wakati timu zinafunga 109.9, akapata 33.8. James Harden wa 2018-19, aliyefunga 36.1 wakati timu zinafunga 111.2, akapata 32.5. (Harden huyu ndiye aliyechaguliwa wa tatu kuingia NBA mwaka 2009. Wa pili alikuwa Hasheem Thabeet wetu. Tuendelee.)

Kobe kampita Jordan, nikafurahi. Chamberlain kawaacha wote, nikataka kuichana karatasi. Kisha nikakumbuka dakika.

Mechi ya NBA ni dakika 48. Chamberlain msimu ule alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mechi. Hamjasoma vibaya. Nyongeza inatokana na muda wa ziada wa mechi zilizoishia sare, na msimu mzima alikosa kama dakika 8 tu, pale alipotolewa na mwamuzi. Kobe alicheza 41, Jordan 40, Harden 36.8. Basi nikarudia hesabu, nikimpa kila mmoja dakika 48 kwa kasi yake mwenyewe, halafu nikagawanya tena kwa wastani wa timu za zama zake. Kobe 42.7. Harden 42.3. Chamberlain 42.0. Jordan 40.5.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya. Kutoka msimu wa kwanza hapo hadi wa mwisho ni miaka 57. Chamberlain hakuwahi kuuona mstari wa pointi tatu, ambao NBA iliuleta 1979. Harden aliishi kwenye mstari huo. Jordan alikabwa na watu waliomwekea mkono kiunoni, jambo ambalo baadaye waamuzi walianza kulikataza kwa ukali. Wote wanne wanaangukia kati ya 40 na 43.

Najua hesabu hii ina matundu. Nimechagua wanne ninaowajua, kila mmoja katika msimu wake mzuri. Lakini inanionyesha kuna dari. Mpira ni mmoja, wenzako wanne nao wanautaka, na ukizidi kufunga wapinzani wanakuletea watu wawili hata watatu. Zama zibadilike, sheria zibadilike, mtu mmoja akifika hapo kwenye asilimia arobaini na kitu anagonga kichwa. Kwa hiyo maneno ya "zamani ilikuwa rahisi" na "siku hizi hawakabi" yote mawili yanakufa kifo kimoja. Waliocheza zama rahisi walicheza na wenzao katika zama hizo hizo, na wenzao hawakufika huko.

Sasa kama wanalingana kwa kasi, tofauti iko wapi? Iko kwenye benchi. Harden alikuwa anapumzika zaidi ya dakika 11 kila mechi, kisha anarudi na miguu mipya. Kobe alipumzika 7, Jordan 8. Kasi ile ile, Chamberlain aliishika bila kukaa chini. Inaniuma kusema, lakini kwa msimu mmoja, jamaa wa mihogo alikuwa sahihi. Sababu yake ndiyo haikuwa sahihi. Ile 50 yenyewe ni ya zama zake. Kutokukaa chini ndiko kwa Chamberlain mwenyewe.

Watu wa Jordan wasinune. Mtu wao aliongoza kwa kufunga misimu 10, Chamberlain 7, na ukichukua wastani wa maisha yao yote Jordan ana 30.12, Chamberlain 30.07. Tano ya mia! Hapo mkisema Jordan sibishi, ila msiseme kwa sauti kubwa hivyo.

Watu wa LeBron ndio wana kesi ngumu, kwa sababu wanakuja na jumla, na jumla hupima kukaa. Februari 2023 alipita pointi 38,387 za Kareem Abdul-Jabbar. Lakini LeBron aliingia NBA akitoka sekondari moja kwa moja, wakati Kareem alipita kwanza UCLA akaingia ligi 1969 akiwa na miaka 22. Tena Kareem alitia mtupo mmoja tu wa pointi tatu maisha yake yote, mmoja, na LeBron ana zaidi ya 2,000. Simnyang'anyi kitu. Kubaki unafunga baada ya misimu 20 ni uwezo wa aina yake, na huenda ni mgumu kuliko wa pointi 50. Ila ni swali jingine, msilijibu kwenye swali letu.

Dada mmoja wa mwaka wa pili alituuliza siku ile kwa nini tunataja wanaume tu, tukajifanya hatukusikia. Diana Taurasi alifikisha pointi 10,000 za WNBA mwaka 2023, wa kwanza kufika huko, katika ligi ambayo mechi ni dakika 40 na mechi za msimu ni chache kuliko za NBA. Na pointi alizofunga miaka aliyocheza Urusi hazimo humo. Hata Oscar Schmidt wa Brazili hayumo kwenye orodha zetu, kwa sababu aliikataa NBA ili aendelee kuichezea timu ya taifa. Enzi zile huwezi kuwa na vyote viwili. Tunasema "historia ya kikapu" huku tunasoma daftari la ligi moja.

Hilo neno daftari ndilo lililonikosesha usingizi. Ni kweli, video ya Hershey haipo. Lakini usiku ule alikuwepo mtu wa takwimu wa Warriors, Harvey Pollack, akiandika. Ile picha ya Chamberlain ameshika karatasi yenye namba 100, namba hiyo aliiandika Pollack kwa mkono. Mimi niliyezaliwa miongo kadhaa baadaye nimeweza kumtetea Chamberlain, tena dhidi yangu mwenyewe, kwa sababu mtu aliandika pointi, akaandika na dakika.

Hapa kwetu kuna kaka wa sheria aliyemaliza miaka miwili iliyopita. Wanasema kwenye mechi za vitivo aliwahi kufunga 41. Wengine wanasema 36. Kuna dada wa uhasibu aliyekuwa anatia kutoka kona utadhani kikapu ni cha kwao. Niliuliza karatasi za mechi zile ziko wapi, nikaambiwa ziliondoka na uongozi uliopita. Mara nyingi hazikuwepo kabisa: matokeo yaliandikwa kwa chaki ubaoni, mvua ikanyesha.

Nimenunua kaunta buku ya kwaya tatu, nimeshachora mistari. Mechi ya kwanza ni Jumamosi saa kumi jioni. Natafuta mtu wa pili wa kuandika dakika, maana mimi mpira ukikolea nasahau kuangalia saa.